Video ya shangazi imekuwa bubu

*Kikundi: UKOO WETU UYOLE. Jumamosi, saa 1 jioni*

Shangazi Tumpe: Wanangu hamjambo? Nimerekodi somo la moyo kwa ajili ya kidato cha pili. Kwenye skrini kila kitu kinaonekana, moyo unadunda, mishale ya damu inatembea. Sauti yangu sasa, hakuna hata neno moja! Nani anayajua haya mambo?

Bamdogo Lusajo: Dada, labda ulikuwa unaongea moyoni 😂

Shangazi Tumpe: Lusajo tafadhali. Nimeongea mpaka koo limekauka.

Mama Neema: Pole wifi. Gwamaka yuko wapi, si ndiye fundi wetu?

Gwamaka: Shikamooni wote. Nilikuwa kwenye daladala, ndiyo nashuka Iyunga. Shangazi, ni ile programu ya kurekodi skrini, OBS, niliyokuwekea?

Shangazi Tumpe: Marahaba mwanangu. Hiyo hiyo, yenye duara jeusi.

Gwamaka: Na mapigo ya moyo kwenye ile video uliyowachezea, yanasikika?

Shangazi Tumpe: Vizuri kabisa. Mimi tu ndiye sipo.

Gwamaka: Basi tumeshapunguza kazi. Kompyuta ina sauti mbili na kila moja ina njia yake. Kuna inayotoka ndani, yaani video, muziki, milio ya ujumbe. Halafu kuna inayoingia kupitia maiki. Kuinasa moja hakuleti nyingine. Angalia chini ya dirisha la OBS, kuna vipimo vyenye rangi. "Desktop Audio" ni sauti ya ndani, "Mic/Aux" ni wewe. Ongea uone kama hicho cha pili kinaruka.

Shangazi Tumpe: Kimelala. Hata nikikohoa.

Gwamaka: Kialama cha spika kando yake ni chekundu?

Shangazi Tumpe: Hapana, cheupe.

Gwamaka: Basi hakijazimwa. Ingia "Settings", kisha "Audio". Kwenye mstari wa maiki pameandikwaje?

Shangazi Tumpe: Kuna jina refu, mwishoni Bluetooth. Ngoja… hizi si zile hedifoni za Neema alizoacha hapa Pasaka?

Mama Neema: Kumbe ziko huko! Mtoto kapekua nyumba nzima.

Gwamaka: 😂😂 Yaani programu inakusikiliza kupitia hedifoni zilizo kabatini. Chagua maiki ya kompyuta yenyewe, bonyeza OK.

Shangazi Tumpe: Kinaruka! Ndaga fijo, asante sana mwanangu!

Atu (Dar): Shikamoo shangazi. Hata kama hizo hedifoni zingekuwa shingoni mwako, usizitumie kurekodia. Hedifoni nyingi za Bluetooth, ukiwasha maiki yake tu, zinahamia mfumo wa simu. Sauti inakuwa nyembamba kama mtu anayekupigia kutoka bondeni, na hata video unayoisikiliza inaharibika. Tumia za waya.

Shangazi Tumpe: Ninazo za simu, za waya. Zinafaa?

Atu (Dar): Tazama pini yake. Ina vimistari vyeusi vingapi?

Shangazi Tumpe: Nimevaa miwani. Vitatu.

Atu (Dar): Vitatu maana yake ina maiki. Vingekuwa viwili ingekuwa ya kusikilizia tu.

Gwamaka: Na hapo kwenye kompyuta ni tundu moja, au mawili, la kijani na la waridi?

Shangazi Tumpe: Mawili. Hii ni ile ya mezani aliyoniachia kaka yenu, yenye boksi kubwa chini.

Gwamaka: Ukichomeka kwenye la kijani utasikia, ila maiki haitafanya kazi, kwa sababu hayo matundu yamegawana kazi. Inatakiwa splita, kile kiwaya kifupi chenye pini mbili upande mmoja na tundu moja upande wa pili. Vinauzwa Mwanjelwa kwenye vibanda vya vifaa vya simu. Nitakuchukulia. Sasa hiyo maiki unayotumia leo ni ipi, iko kwenye kamera ya juu ya skrini?

Shangazi Tumpe: Ndiyo, hiyo. Lakini kipimo kinaishia kwenye kijani.

Gwamaka: Uko mbali nayo. Unapoongea kawaida kiwe kinacheza kwenye njano, kati ya desibeli -20 na -10. Kikigonga nyekundu kule karibu na 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Iliyo ndogo unaweza kuipandisha baadaye, ila na kelele za chumba zitapanda nayo. Kwanza sogea, halafu ndiyo uguse mitambo.

Bamdogo Lusajo: Kwani asirekodi sauti kwa simu, akaja kuibandika?

Atu (Dar): Inawezekana bamdogo, maiki za simu si mbaya. Ila lazima aoanishe. Apige kofi moja kubwa mwanzoni, lisikike kwenye simu na kwenye kompyuta, kisha kwenye kuhariri alinganishe ile miruko miwili. Kazi yote hiyo ya nini wakati splita ipo?

Shangazi Tumpe: Nimejaribu kidogo. Sasa nasikika, lakini mapigo ya moyo yanasikika mara mbili, kama moyo una mwangwi.

Gwamaka: Spika za mezani ziko wazi?

Shangazi Tumpe: Ziko wazi.

Gwamaka: Ndiyo hapo. OBS inachukua mapigo kutoka ndani, halafu maiki inayanasa tena yakitoka kwenye spika. Chomeka hizo za simu kwenye tundu la kijani. Hata bila maiki, zitazuia sauti isizunguke chumbani. Na kipimo cha "Desktop Audio" kishushe kidogo, moyo usikupigie kelele unapofafanua.

Baba Gwamaka: Jioni njema. Naona shule imehamia hapa. Tumpe, na mvua je? Huku Tukuyu kwa Lusajo ikianza kwenye bati hata simu husikii.

Bamdogo Lusajo: Tena imeanza sasa hivi, kaka.

Shangazi Tumpe: Na huku Uyole wingu lipo. Gwamaka, kuna dawa?

Gwamaka: Shikamoo baba. Kuna chujio la kelele, unabofya nukta za maiki, "Filters", unaongeza "Noise Suppression". Inasaidia kwa feni ya kompyuta, kwa sababu feni inavuma vilevile muda wote. Mvua ya kwenye bati ni kitu kingine, ukilazimisha chujio linakula na maneno yako. Mimi naona urekodi alfajiri tu.

Atu (Dar): Naunga mkono. Watu wanapenda kurundika machujio, wakimaliza wanaongea kama wako ndani ya pipa.

Mama Neema: Alfajiri na baridi hii ya Mbeya, atatetemeka wanafunzi wadhani anaimba.

Shangazi Tumpe: 😂 Nitajifunika blanketi, hawanioni.

Gwamaka: Jambo jingine la muhimu. Hiyo ya mezani haina betri. Nenda "Settings", "Output", uone faili linahifadhiwa kama nini.

Shangazi Tumpe: MP4.

Gwamaka: Weka MKV. Umeme ukikatika katikati, MP4 ya kawaida inaweza isifunguke kabisa. MKV inabaki mpaka pale ulipofikia. Ukimaliza unaenda "File", kisha "Remux Recordings", inakugeuzia kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora, ndiyo hiyo unawatumia.

Baba Gwamaka: Hilo umeongea. Juzi umeme umekatika mara ngapi Uyole!

Atu (Dar): Kwenye Mac yangu nilisumbuka na jambo jingine, QuickTime ilirekodi maiki tu, sauti ya ndani haikuitaka. Watu walikuwa wanaweka programu ya BlackHole kuizungusha. Kuanzia macOS 13 OBS inaichukua yenyewe.

Bamdogo Lusajo: Atu, hapa hakuna mwenye Mac zaidi yako.

Atu (Dar): Haya bamdogo 😅

Shangazi Tumpe: Nimerekodi nusu dakika. Sikilizeni.

*🎬 Video: 0:31*

Gwamaka: Safi! Unasikika, mapigo yanasikika mara moja. Ila kuna kitu kinagonga, tk tk tk.

Shangazi Tumpe: Ni kipanya?

Atu (Dar): Hapana, kipanya ni kile cha mbali. Hicho cha karibu ni kalamu, unaigonga mezani ukifikia neno "ventrikali". Kamera imeshika skrini, skrini iko mezani, mtikisiko wote unapanda juu.

Mama Neema: Darasani ndivyo anavyofanya, Neema alishanisimulia.

Shangazi Tumpe: Kalamu nimeiweka jikoni. Kesho alfajiri naanza upya somo zima. Gwamaka, splita usisahau, na ukija chukua na debe la viazi, vimejaa hapa.

Gwamaka: Nakuja na gunia kabisa.

Mama Neema: Na hedifoni za Neema, jamani, asirudi bila hizo.