Jibu: Nimelipa taka zichukuliwe, sasa naandikiwa barua

> Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mwezi uliopita nilihama nyumba hapa England. Nikampata jamaa mtandaoni, nikamlipa pauni 40 abebe godoro, kabati bovu na mifuko minne ya taka. Leo nina barua ya halmashauri: mzigo wote umekutwa kichochoroni, wanataka maelezo. Katupa yeye, mimi nahusikaje?

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Unahusika, na hapo ndipo wengi wetu tunanaswa. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990 inamtaka anayeishi kwenye nyumba, hata akiwa mpangaji, ahakikishe kwamba anayemkabidhi taka anaruhusiwa kuzibeba. Kulipa peke yake hakukuvui jukumu hilo. Tangu Julai 2023 halmashauri inaweza kumwandikia mwenye taka faini ya hadi pauni 600, na aliyetupa hadi pauni 1,000, bila kupita kwa hakimu. Aliyetupa akifikishwa mahakamani, faini haina kikomo na kifungo kinafika miaka 5.

Mimi walinipata kwa bahasha ya bili ya umeme. Afisa alinionyesha picha: mfuko mweusi umepasuliwa, maganda ya viazi yamemwagika, na katikati yake jina langu limetulia kama limepigwa pasi. Siku hizi hata bahasha tupu naichana vipande.

Barua usiikalie. Jibu kabla ya tarehe waliyoweka, uwapelekee meseji mlizoandikiana, namba yake ya simu na muamala wa benki. Kama ulimpa taslimu, sema hivyo hivyo. Usije ukajitungia risiti. Ukiandikiwa faini ukailipa kwa wakati, mambo yanaishia hapo. Ukiipuuza wanaweza kukushtaki, na ukitiwa hatiani utalazimika kulitaja hilo kwenye fomu ya uraia.

Siku nyingine muulize mtu jina la biashara yake kabla hajagusa godoro, kisha ulitafute kwenye rejista ya Wakala wa Mazingira. Iko wazi mtandaoni, ni bure. Akianza kuzungushazungusha maneno, mwache aende. Halmashauri nyingi huchukua vitu vikubwa kwa ada, ukiweka miadi.

---

Kaka kamaliza, mimi naongezea la barabarani. Kichungi cha sigara na bazoka navyo ni taka kisheria, na faini yake inafika pauni 500. Kikirushwa kutoka dirishani mwa gari, anayeandikiwa ni aliyesajiliwa kuwa na gari, hata kama aliyerusha ni abiria. Shemeji yangu aliwapa vijana lifti akalipia kichungi cha sigara ambayo hakuivuta.

---

Asanteni sana kaka na dada. Nimegonga kwa jirani wa mbele, kamera ya mlango wake imenasa veni ikipakia godoro langu, na namba za gari zinasomeka. Naandika majibu usiku huu huu.