Jina la ukoo Speke: lilikotoka, lilikoenea na hati za kuagiza

Kutoka: Rehema, Bristol

Hamjambo wanajumuiya. Kijana wangu yuko Mwaka wa 8 shuleni na amepewa kazi ya historia: achore ramani ya jina la ukoo la upande wa baba, aonyeshe lilipoanza na lilipoenea. Kwa baba yake ni Speke. Tukitafuta mtandaoni tunapelekwa Liverpool, au tunaambiwa kila Speke ni kizazi cha yule mpelelezi wa Ziwa Viktoria, John Hanning Speke. Tuanzie wapi, na gharama ikoje?

Kutoka: Athumani, Leeds

Dada Rehema, salaam.

Liverpool iondoeni kwanza. Speke ya kule ni jina la mahali. Zamani kilikuwa kijiji, leo ni mtaa wenye uwanja wa ndege, na jumba la kale la mbao linaloitwa Speke Hall lilikuwa la akina Norris. Lancashire anaweza kutokea mtu aliyeitwa kwa mahali hapo, lakini huyo atakuwa mstari mwingine kabisa.

Ukoo wenye nyaraka nyingi ni wa kusini-magharibi, Devon na Somerset. Jina lilianza kama lakabu ya Kifaransa cha Wanormani, Espec, kwa maana ya ndege kigong'ota. Kaskazini mwa Exeter kuna kijiji cha Brampford Speke kilichobeba jina la ukoo huo tangu Zama za Kati. Ndani ya kanisa kuu la Exeter kuna kikanisa cha Sir John Speke, aliyefariki 1518. Baadaye makao makuu yakawa Whitelackington, karibu na Ilminster, Somerset.

Mtakutana pia na Walter Espec wa Yorkshire, aliyeanzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132. Miti mingi ya ukoo iliyochorwa na watu wa mtandaoni inamweka juu kabisa kama babu. Walter hakuacha mrithi wa mwili wake. Mali yake waligawana dada zake 3. Kwa hiyo hawezi kuwa babu wa Speke yeyote kwa mstari wa kiume, hata kama lakabu ni ileile. Mti ukianza naye, msiuamini na hapo chini.

Na mpelelezi: John Hanning Speke alizaliwa 4 Mei 1827 Orleigh Court, Buckland Brewer, ambako ni Devon ingawa wengi huandika Somerset. Alifariki 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni karibu na Corsham, Wiltshire, akazikwa Dowlish Wake, Somerset. Hakuoa. Kijana asiandike "babu yetu mpelelezi". Akipata ushahidi anaweza kuandika kwamba wametoka kwa ndugu zake, au kwa tawi lingine la ukoo uleule, na ushahidi wenyewe hupatikana kwa kurudi nyuma cheti kimoja kimoja kuanzia kwa baba yake. Kuanza na mtu maarufu wa 1864 kisha kushuka kuelekea kwenu ndiko kunakowapoteza watu.

Kutoka: Mwanaidi, Taunton

Kaka Athumani amemaliza la Liverpool. Mimi nishike hati.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza 1 Julai 1837. (Scotland ina ofisi yake, na ulianza huko 1855.) Kabla ya hapo mnategemea daftari za parokia. John Hanning Speke mwenyewe hana cheti cha kuzaliwa, kwa sababu 1827 hakukuwa na kitu hicho. Kilichopo ni ubatizo. Ukiona tovuti inauza "cheti cha kuzaliwa" cha mtu wa mwaka huo, funga ukurasa.

Fungueni akaunti ya bure kwenye tovuti ya General Register Office, yaani ofisi kuu ya usajili. Faharasa yake inaonyesha jina la mama la kabla ya kuolewa hata kwa watoto wa 1837, wakati ile ya zamani inayotumiwa na tovuti nyingi inalionyesha kuanzia robo ya tatu (Julai hadi Septemba) ya 1911 tu. Kwa jina adimu, hili ndilo linalookoa muda. Andika Speke, weka jina la mama, na ndugu wa tumbo moja wataanza kujitokeza. Nafasi ya mama ikiwa tupu, mara nyingi wazazi hawakuwa wameoana.

Kila ingizo lina mwaka, robo, wilaya ya usajili, juzuu na ukurasa. Robo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili, kwa hiyo mtoto wa Desemba mara nyingi yuko kwenye robo ya Machi (Januari hadi Machi) ya mwaka unaofuata. Ukimkosa, songa robo moja mbele kabla ya kusema hayupo.

Juzuu nayo ina habari. Kati ya 1852 na 1946, Devon ni 5b, Somerset na Cornwall ni 5c, Lancashire inaanza na 8 na Yorkshire inaanza na 9. Ilminster iko wilaya ya Chard, juzuu 5c. Kabla hujalipa hata senti, namba hiyo inakueleza kama Speke uliyemshika ni wa upande wenu au wa kaskazini.

Bei zilizoanza Aprili 2024: cheti cha karatasi pauni 12.50, nakala ya PDF pauni 8, picha ya kidijitali pauni 3. Angalieni tena siku ya kulipa. Kwa kazi ya shule picha ya pauni 3 inatosha. PDF na picha si ushahidi wa kisheria, hazipokelewi kwa pasipoti wala viza. Cheti cha ndoa kina thamani kuliko watu wanavyodhani, maana kinataja baba wa kila upande na kazi yake. Mama walianza kuandikwa Mei 2021 tu. Agizeni cha ndoa kwanza, kitawavusha kizazi kizima.

Kosa la kawaida ni kulipia tovuti ya mtu wa kati inayouza cheti hichohicho kwa bei mara kadhaa. Anwani ya serikali inaishia na gov.uk.

Kutoka: Athumani, Leeds

Nyongeza ya tahajia, kwa sababu hapa ndipo ramani nyingi za jina hili zinapoharibika.

Linatamkwa "spiik". Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Speke kwenye ubatizo, Speake kwenye sensa na Speak kwenye kifo. Tafuteni zote, pamoja na Speek, Speeke na Spake. Wanaonakili mwandiko wa zamani nao husoma k kama h. Mkitumia Soundex, yaani utafutaji wa majina kwa sauti yake, msimbo ni S120, lakini utawaletea na akina Space na Spice. Punguzeni kwa kuchagua kaunti.

Sasa upande wa pili. Speak wa mpakani mwa Lancashire na Yorkshire, kuanzia vijiji vya chini ya kilima cha Pendle hadi Keighley, ni kundi kubwa linalojitegemea. Walikuwa wakulima wadogo na wafumaji, na hakuna hati inayowaunganisha na mabwana wa Whitelackington. Shropshire kuna Speake. Marekani, Charles County ya Maryland, kuna Speake tangu karne ya 17. Mkizijumlisha tahajia zote kwenye ramani moja, mzigo wote unahamia kaskazini, na kijana atahitimisha kwamba Speke ni jina la Lancashire. Achore ramani 2, au rangi 2: Speke kamili, kisha Speak na Speake.

Kutoka: Mwanaidi, Taunton

Naam, na ramani yenyewe ichorwe kwa sensa ya 1881, kwa sababu iko bure kwenye tovuti ya FamilySearch na imenakiliwa kwa nchi nzima. Msihesabu kwa mahali mtu alipolala usiku wa sensa. Hesabuni kwa mahali alipozaliwa. Ukihesabu kwa makazi, London na miji ya viwanda hujaa kwa majina yote ya nchi hii, maana reli ilishawavuta watu. Kisha gawanyeni idadi kwa watu wa kaunti nzima, mpate wangapi kwa kila 100,000. Speke 5 Somerset si sawa na Speke 5 Lancashire yenye mamilioni ya watu.

Sensa ya 1841 iwe ya mwisho. Haitaji parokia ya kuzaliwa, inasema tu kama mtu alizaliwa kaunti ileile au la, na umri wa waliozidi miaka 15 ulipaswa kushushwa hadi namba ya 5 iliyo chini yake: mwenye 39 akaandikwa 35. Ya 1911 ndiyo ya kwanza ambayo karatasi ya mwenye nyumba imetunzwa kwa mwandiko wake. Ya 1921 inasomwa kwa malipo kwenye tovuti ya Findmypast, bure ukienda National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa), Kew, London. Ya 1931 iliungua 1942 na 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, kwa hiyo pengo hilo mnalijaza kwa rejista ya wakazi ya 1939.

Daftari za parokia za Somerset ziko kwenye tovuti ya Ancestry kwa picha, za Devon ziko Findmypast. Msilipe usajili kabla ya kuuliza maktaba ya umma. Nyingi zina Ancestry bure kwenye kompyuta zao, na kadi ya maktaba mara nyingi inafungua pia kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Oxford iliyotoka 2016. Tarehe za kabla ya 1752 zina mtego: mwaka ulianza 25 Machi. Ubatizo wa Februari 1684 kwenye daftari ni Februari 1685 kwa hesabu yetu. Wengi wamewapa watu mama aliyekufa kabla ya kuzaa kwa sababu ya hilo.

Wosia ni habari ya kusikitisha. Ofisi ya wosia ya Exeter ilipigwa mabomu 1942, na wosia wa Devon na Somerset uliokuwa umewekwa humo ukateketea. Njia za kuzunguka ni 2. Nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya kodi kati ya 1812 na 1857 zipo kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti. Na wenye mali walithibitisha wosia kwenye mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury. Hizo ziko National Archives, mfululizo PROB 11, na akina Speke wa Whitelackington ndio aina ya watu wa kutafutwa humo. Speke aliyekuwa kibarua, bahati mbaya, mara nyingi hakuacha wosia wa kutafutwa.

Kutoka: Rehema, Bristol

Ahsanteni sana. Swali la mwalimu wake sasa: kwa nini jina limebaki adimu, ikiwa ukoo ulikuwa na mali yote hiyo?

Kutoka: Athumani, Leeds

Mali ndiyo sababu mojawapo, dada. Mashamba yalifuata mrithi mmoja, na alipokosekana wa kiume yalikwenda na binti, jina likabaki njiani.

Mwaka 1685 George Speke wa Whitelackington na wanawe walihusishwa na uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya Mfalme James II, na mwanawe Charles akanyongwa Ilminster. Mstari mkuu ulidumu hadi karne ya 18, ukaishia kwa Anne Speke, aliyeolewa 1756 na Lord North, waziri mkuu wa 1770 hadi 1782. Mali ikaingia kwa akina North. Waliobeba jina mbele ni tawi dogo la Jordans, palepale karibu na Ilminster, na mpelelezi ni wa tawi hilo. Hanning ni jina la ukoo wa mama yake. Ukiona jina la kati linalofanana na jina la ukoo kwa Waingereza wa karne ya 19, lichukue kama dokezo la upande wa mama au bibi, ukalithibitishe kwenye cheti cha ndoa.

Kule kwetu Afrika Mashariki jina limeenea kwa mahali na wanyama kuliko kwa watu: Ghuba ya Speke kati ya Ukerewe na pwani ya Magu na Bunda, Mlima Speke wa Rwenzori wenye mita 4,890, na nzohe, ambaye kisayansi ni *Tragelaphus spekii*. Kijana anaweza kuviweka kwenye ramani, ila kwa alama tofauti, na wakati wa kutafuta aongeze neno Somerset la sivyo hoteli za Kampala zitamjazia ukurasa.

Kutoka: Bi Saada, Reading

Wanangu, hamjambo. Kuna walioniandikia pembeni kuuliza kama hati hizi zinafaa kwa viza ya UK Ancestry, ile ya wenye babu au bibi aliyezaliwa Uingereza. Zinafaa zikiwa vyeti vya karatasi, iwe jina ni Speke au lolote.

Mwombaji awe raia wa Jumuiya ya Madola, umri miaka 17 au zaidi, na babu au bibi mmoja aliyezaliwa Uingereza. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Burundi na Kongo hazimo. Babu wa baba yako hatoshi, hata akiwa na jina adimu namna gani. Jina lenyewe si ushahidi wa chochote. Wanachotaka ni mnyororo: cheti kirefu cha mwombaji, cha mzazi, cha babu au bibi, na vyeti vya ndoa pale jina lilipobadilika. Cheti kifupi cha Uingereza hakina majina ya wazazi, kwa hiyo agizeni kile kirefu, cha karatasi.

Mnyororo hukatikia mara nyingi kwenye cheti cha mzazi aliyezaliwa Afrika Mashariki, ambako tahajia ya baba haifanani na ya Uingereza. Speke na Speake kwenye karatasi 2 kutaleta swali. Msibadilishe hati ya zamani. Ambatisheni cheti cha ndoa cha babu, hati ya ubatizo au pasipoti yake ya zamani yenye tarehe ileile ya kuzaliwa, na barua fupi ya kueleza. Maombi yanafanywa mwombaji akiwa nje ya Uingereza. Aliyekuja kwa viza ya kutembea atalazimika kurudi kwanza.

Kutoka: Rehema, Bristol

Shikamoo Bi Saada. Tumempata babu yake baba: 1908, robo ya Machi, juzuu 5c. Naagiza cheti cha ndoa cha wazazi wake.

Kutoka: Mwanaidi, Taunton

Kwenye fomu andika jina la mume na la mke, yote 2, kabla ya kulipa. Namba ya ukurasa lazima ilingane kwa wote. Isipolingana, umewaunganisha watu ambao hawakuoana.