Mrejesho: Defender 300Tdi imeamka salama baada ya baridi

Wakuu, asanteni. Niliuliza namna ya kulaza (kuegesha bila kuitumia) Land Rover Defender yangu yenye injini ya dizeli ya 300Tdi majira yote ya baridi huku Uswidi, leo imewaka.

Oili ilibadilishwa kabla ya kuilaza, si baada, maana oili chafu ina asidi inayokula beringi. Kulenti (dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda) nusu kwa nusu na maji huhimili hadi nyuzi -37. Betri ilikaa ndani ikiwa imejaa; iliyoisha chaji huganda ikapasuka.

Handibreki msivute kabisa: dramu yake iko nyuma ya transfa kesi (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma), viatu vya breki vikiganda gari zima linagoma. Kuacha gia imeingia na kuweka kabari kwenye magurudumu vinatosha.

Chasisi, osheni chumvi ya barabarani (humwagwa kuyeyusha barafu) hadi ndani ya boriti ya nyuma, ikauke, ndipo mpulize nta ya kuzuia kutu. Ikiwa na unyevu mnafungia kutu humo humo.