Kama hamna muda na wageni, ondoeni hiyo lebo ya "kazi nyepesi kwa anayeanza"

Wakuu, hili la miradi ya programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha) "kukaribisha wageni" tuliongee leo bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukurasa wa mbele unasema kila mchango unathaminiwa. Kazi kibao zimebandikwa lebo kwamba zinamfaa anayeanza. Ingia sasa ndani uone kama kuna mwenyeji.

Nichukue mradi mmoja, jina nalihifadhi. Kulikuwa na hitilafu kwenye sehemu ya kusoma tarehe: ukiingiza 29 Februari ya mwaka mrefu, programu inaikataa. Lebo ya wanaoanza ipo. Nikauliza kama naweza kuichukua, kimya. Nikafuata mwongozo wao wa kuandaa mazingira, amri ya tatu tu ikagoma, inadai Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020! Nikahangaika mpaka nikapata njia. Nikaendesha majaribio ya kiotomatiki ya mradi kabla sijagusa mstari hata mmoja, mengine yanafeli tayari. Mgeni atajuaje kama kaharibu yeye au kaikuta imeharibika?

Nikarekebisha, nikaongeza na jaribio la kuthibitisha, nikatuma ombi la kuyaingiza marekebisho yangu. Wiki zikapita. Wa kwanza kunijibu akawa roboti: hakuna shughuli hapa, ombi litafungwa. Shughuli ya nani? Anayesubiri si mimi? Nikaandika kwamba bado nipo. Roboti ikatulia kidogo, ikarudi, ikafunga. Baadaye msimamizi mmoja akaingiza marekebisho yaleyale, na jaribio langu lilelile, kwa jina lake peke yake. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, inakuruhusu kumtaja mwandishi mwenza mwishoni mwa ujumbe wa badiliko, na GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya namna hii, wanautambua mstari huo tangu 2018. Mstari mmoja, wakuu, hata huo wameona ni gharama.

Nilipohoji, jibu likawa "soma mwongozo". Upi, ule wa Python 2?

Najua kuna watakaokuja hapa na "wanajitolea hao, wamechoka". Hilo sibishi. Heartbleed, lile tundu la usalama la 2014, lilituonyesha OpenSSL, maktaba ya usimbaji iliyobeba usalama wa sehemu kubwa ya intaneti, ikitunzwa na watu wachache mno. Kwenye Hacktoberfest ya 2020, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, watu walimwaga marekebisho ya hovyo ili wapate fulana, mpaka waandaaji wakabadili utaratibu, mradi ushiriki pale tu wenyewe wanaporidhia. Na ile ya 2024 ya xz, zana ya kubana mafaili, ndiyo mbaya zaidi: mtu kajifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili, kumbe anatafuta nafasi ya kupandikiza mlango wa siri. Msimamizi akimtilia shaka mgeni baada ya hapo, namwelewa kabisa.

Basi andikeni hivyo! SQLite, wale wa hifadhidata, wameandika waziwazi kwamba msimbo wao ni huria ila mradi haupokei michango ya kila mtu. Sijawahi kuwalaumu, maana hawakuniita. Kinachoniudhi ni kuitwa kwa lebo, nikapoteza usiku wangu, halafu nikafukuzwa na mashine.

Na msiniletee kanuni za maadili. Mwaka 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi kwa ukali wake na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) ikapata kanuni mpya. Vizuri sana, matusi si kitu cha kuvumilia. Ila kanuni hizo zinamwadhibu anayetukana, asiyejibu kabisa anabaki msafi. Mimi bora uniambie "msimbo wako haufai, sababu ni hii" nijue pa kuanzia.

Wala msiseme haiwezekani. Outreachy, mpango wa mafunzo kazini kwenye programu huria, wanamkabidhi mshiriki wao kwa mtu anayejulikana kwa jina, na mwombaji anaanza kuchangia kabla hata hajachaguliwa. Najua ule ni mpango wenye fedha. Lakini kuandika kando ya lebo "muulize fulani" kunahitaji bajeti gani?

Wasimamizi mliomo humu, nijibuni. Kwenye miradi yenu nani anasimamia kazi zenye hiyo lebo, na mchango wa mgeni unakaa muda gani bila kusomwa na binadamu? Tajeni mradi na muda. Inayojibu nitaiorodhesha hapahapa juu ya uzi, wanaoanza wajue pa kwenda.