Kilima kikishuka barabarani usiku, gari la wagonjwa litapita vipi? Tunajiandaa na vuli

Mkulima_wa_Juu
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu kwa hili, nimechaguliwa kwenye kamati ya maafa ya kijiji na sijawahi kusomea maafa hata siku moja, mimi ni mkulima wa kabichi na viazi tu huku Usambara.

Masika iliyopita mvua ilipiga siku tatu bila kupumzika, usiku wa tatu mida ya saa nane tukasikia mngurumo kama lori linamwaga kokoto, kumbe kilima kimeshuka kwenye barabara yetu ya vumbi inayoenda kukutana na lami ya Mombo–Lushoto. Kulipokucha tukakuta tope na mawe kama mita arobaini hivi, mikaratusi miwili imelala juu yake, nguzo ya umeme imeinama na waya umegusa chini. Tukatoka wote wanaume kwa wanawake na majembe, machepe, sururu, mapanga, tukalima lile tope kutwa nzima. Shida ni kwamba hakuna aliyejua tunaanzia wapi, kila mtu alichimba pale aliposimama, jioni ukiangalia unaona kama hatujagusa kitu.

Usiku huohuo jirani yangu akashikwa na uchungu. Gari la wagonjwa lilikuja, likasimama ng'ambo ya kifusi tunaona taa zake kabisa. Tukambeba kwenye kitanda vijana sita, wanazama mpaka magotini, katikati mmoja akateleza kitanda kikalala upande, yule mama akashika mbao kwa mikono yote miwili hakupiga hata kelele. Dakika arobaini kuvuka mita arobaini. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Greda lilifika siku ya nne.

Sasa vuli hiyo inakuja na mimi ndo nimo kwenye kamati. Naomba kujua, watu wenye majembe tu waanze na nini ili njia ifunguke haraka? Au tungoje mashine? Na ile miti na waya tufanyeje? Sitaki kumuona tena yule mama njiani nikose la kumwambia.

Opareta_Mitambo
Pole sana ndugu yangu, na umfikishie pole huyo mama. Mimi naendesha mitambo mwaka wa 17 huu, greda, kijiko (ile mashine ya kuchimba na kunyanyua kwa ndoo), katapila, na nilikuwa Katesh ile Desemba 2023 tope lilipotoka mlima Hanang, tarehe 3, Jumapili asubuhi. Watu 89 walifariki. Ile barabara ya Babati–Singida inapita katikati ya mji, kwa hiyo tope lilipofunika mji na barabara nayo ikafunikwa, mawe, magogo, mabati, kila kitu kimechanganyika, afu hapohapo magari ya majeruhi yanataka kupita.

Kosa mlilofanya nyie ndo wanalofanya wengi na sikulaumu, mlitaka kusafisha barabara. Siku ya kwanza husafishi barabara, unatoboa njia. Na njia inategemea una nini mkononi. Kama una majembe tu basi usilenge gari, lenga machela. Tope la mita arobaini na kina cha magoti watu hamsini hawawezi kulitoa gari lipite kwa siku moja, ila njia ya mguu ya upana wa mita moja hadi moja na nusu mnaimaliza kabla ya mchana. Mnaipanga kwa kamba toka ng'ambo hadi ng'ambo, watu wanajipanga mstari mmoja kwenye kamba, wengine wanaanzia kule wanakutana katikati. Mkichepua tope la juu mnatandika matawi, mabanzi, magunia ya mchanga, chochote kinachozuia mguu usizame. Hapo waliobeba mgonjwa wanatembea kama wako uani, na gari linasubiri ng'ambo.

Mashine ikifika sasa ndo unalenga gari, na hapo pia ni leni moja tu, mita tatu na nusu inatosha. Opareta asishawishike kuanza kupakia tipa, kupakia kunakula masaa. Unasukuma kifusi pembeni unasonga mbele, mambo ya kubeba na kunyoosha yatakuja wiki ijayo.

Ila kuna vitu vya kuangalia na hapa nisikilize vizuri. Usisukumie tope kwenye mdomo wa kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nimeona barabara imefunguliwa saa nne asubuhi, jioni mvua ikanyesha, maji yakakosa pa kupita yakapanda juu ya barabara yakaikata kabisa, na barabara iliyokatika ni shida nyingine, kifusi unasukuma lakini shimo unahitaji mawe na kalavati jipya. Kule Kusini Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar–Lindi ilikatika maeneo ya Somanga magari yakasimama siku kadhaa pande zote, hapo hata ungekuwa na greda kumi hupiti.

Cha pili, ule mguu wa kifusi, yaani chini kabisa kinapoishia, ndo unashikilia kile cha juu. Ukiuchimba sana unakialika kingine kije. Weka mtu mmoja asiyefanya kazi yoyote, kazi yake kuangalia juu tu na filimbi mdomoni. Akipuliza kila mtu anakimbilia upande mliokubaliana, asikimbie kufuata chini mteremko.

Na kabla jembe au kijiko hakijaingia kwenye tope, hesabuni watu. Nyumba kwa nyumba, nani hajaonekana. Katesh tulikuwa tunaingiza kijiko taratibu, mbele yupo mtu amesimama anaangalia kila ndoo inayonyanyuka, akiinua mkono tu nazima. Nilikuta begi la shule la mtoto kwenye ndoo yangu, la bluu, madaftari bado yamo ndani. Tukashuka wote tukaendelea kwa mikono pale.

Kijana_wa_Mjini
Pole mkuu lakini naona mnajibebesha kazi ya watu. Barabara ina wenyewe, nyie mnalipa kodi, kwa nini mlime tope na majembe?

Mtendaji_Mstaafu
@Kijana_wa_Mjini upo sahihi kwamba ina wenyewe, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, hizi za wilaya na vijijini ni TARURA, na wadaiwe kweli. Lakini huyu ndugu anaongelea masaa sita ya kwanza, na masaa hayo hakuna anayeweza kuwa pale isipokuwa waliolala pale. Ndo maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji.

Mkulima, nimekaa ofisi ya kata miaka mingi, nikwambie kinachochelewesha mashine. Mara nyingi mashine ipo. Kinachokosekana ni opareta yuko wapi, funguo anazo nani, na dizeli inalipwa na nani. Nimeshuhudia kijiko cha mkandarasi kimepaki kilomita nane kutoka kwenye kifusi, siku mbili nzima kimepaki, watu wanatafuta nani asaini dizeli. Kwa hiyo kabla ya vuli andikeni kwenye daftari kila mashine iliyo jirani, trekta la shamba la chai, mkandarasi anayejenga chochote, lori la mtu wa mbao, afu namba ya opareta mwenyewe, sio ya ofisi peke yake. Muombeni diwani na mtendaji wakubaliane na wilaya sasa hivi, kwa maandishi, kwamba ikitokea dizeli ya siku ya kwanza inatoka wapi. Na siku yenyewe mkipiga simu semeni vitu vinavyoeleweka: kifusi kiko wapi, kirefu kiasi gani, ni tope au mawe, kuna miti, kuna waya, gari linafika mpaka wapi. Ukisema tu barabara imefunga watakuletea greda wakati unahitaji kijiko, greda halinyanyui jiwe la ukubwa wa meza.

Nesi_wa_Zamu
Nimesoma hiyo habari ya yule mama nikaweka simu chini kwanza. Mimi ni mkunga, zahanati ya milimani kama huko kwenu.

Kwa upande wetu njia inaanza kufunguliwa kabla ya mvua. Kaeni na mhudumu wa afya wa kijiji mjue nani ana mimba iliyofika wiki ya 36 kwenda mbele mvua zitakapoanza, na hasa waliowahi kufanyiwa operesheni, hao wateremke mapema wakakae karibu na hospitali, kama hospitali yenu ina nyumba ya kusubiria wajawazito hiyo ndo kazi yake, kama haina basi kwa ndugu. Najua ni ngumu, mama anaacha watoto na shamba, ndo hapo kamati inasaidia, nani atapika pale nyumbani, nani atalisha ng'ombe.

Na msitumie kitanda jamani. Kitanda ni kizito na kinapinduka. Miti miwili mirefu na magunia mawili yaliyotobolewa pembe, au turubai, ni machela nzuri, wanne wanabeba wanne wanatembea pembeni wanapokezana, mama alale ubavu wa kushoto na afungwe kwa khanga asiteleze. Na pale gari linaposimama muache nafasi ya kugeuza. Tumewahi kukaa robo saa gari linarudi kinyumenyume gizani kwa sababu wanakijiji wamejaza bodaboda nyuma yake, wote wamekuja kusaidia.

Chenso_Mufindi
Kuhusu miti, waya kwanza miti baadaye. Hata kama kijiji chote hakina umeme usiamini waya, kaeni mbali nao, weka mtu wa kuzuia watoto, na msiguse mti wala tope la maji linalogusana nao mpaka watu wa Tanesco wenyewe waseme wamekata laini. Haijalishi haraka uliyonayo. Kama waya umelala kwenye njia ya mguu, hamisheni njia.

Mkaratusi ulioanguka na kifusi ni tofauti na ule unaokata shambani, unakuwa umepinda una nguvu kama upinde. Ukiukata upande uliovutika unaruka, nilishaona mguu wa mtu umevunjwa hivohivo. Anza na matawi, afu kata kidogo upande uliobanwa ndo umalizie upande wa pili, na usisimame upande wa chini wa mteremko kamwe. Msikate vipande vya kuuza mbao, kata tu panapotosha njia mviringishe pembeni. Na chenso (msumeno wa mashine) ya kijiji iwashwe kila mwezi, chenso inayokaa stoo mwaka mzima siku ya kazi haiwaki.

Mwana_Goma
Mimi niko Goma, Kongo. Huku kwetu tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, lava ikakata barabara ya Goma–Rutshuru. Watu walianza kuvuka kwa miguu na mizigo kichwani wakati chini bado moto, juu unaona jiwe jeusi gumu. Nakuambia hivi sababu hata tope lina ngozi, jua likipiga siku mbili juu inakauka unadhani ardhi, gari ikipanda inazama mpaka mlango. Muchukue fimbo ndefu mupime kila hatua kabla ya kuita gari ipite. Mungu awalinde.

Mkulima_wa_Juu
Nimenakili yote kwenye daftari la kamati, Mungu awabariki sana. Jumamosi tunakata kamba mbili za mita sitini na tunatafuta magunia. Trekta la shamba la chai nimeshaongea na opareta, amekubali na namba nimechukua.

Ila Opareta, umenitia wasiwasi na hilo la kuangalia juu. Leo mchana nimepanda pale kilima kilipovunjikia, nimekuta ufa kwenye nyasi, mrefu kama hatua ishirini, naingiza vidole vyangu vinne. Chini yake kuna nyumba tatu.

Opareta_Mitambo
Huo ni wa kuripoti kesho asubuhi wilayani, peleka na picha, usisubiri Jumamosi. Kama maji ya mvua yanaingia kwenye huo ufa chimbeni mtaro juu yake yageuke pembeni. Na piga vigingi viwili, kimoja juu ya ufa kimoja chini, pima kati yake kila siku asubuhi uandike. Ikiongezeka hata kidogo mvua ikinyesha hao wa nyumba tatu wasilale pale, waambie leo wakalale wapi siku hiyo.

Mkulima_wa_Juu
Nimetoka huko sasa hivi na mwanangu, tumepiga vigingi viwili vya mkaratusi. Kati yake ni futi tatu na nchi mbili. Nimewapitia wote watatu, wawili wamekubali. Mzee wa nyumba ya katikati amesema amezaliwa pale, kesho nitarudi kwake na mke wangu maana anamsikiliza zaidi.