Mradi wa kubadilishana vijana kuhusu ujasiriamali: wauze kweli au tuigize?

mwezeshaji_wa_zamu

Wakuu, salaam. Naomba mnikosolee ratiba. Ni mradi wa kubadilishana vijana chini ya Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu na vijana, ruzuku imeshapita. Mwenyeji yuko Ureno, makundi mengine yanatoka Italia, Poland na Moroko. Vijana 7 kila nchi, jumla 28, umri miaka 18 hadi 25, kila kundi na kiongozi wake. Siku 8 za kazi bila kuhesabu siku za safari. Mada ni ubunifu na elimu ya ujasiriamali.

Rasimu iko hivi: siku ya 1 kufahamiana, ya 2 somo la ujasiriamali na kujaza ile kanvasi ya biashara (karatasi ya kupangia wazo la biashara) yenye vyumba 9, ya 3 kutembelea kampuni changa, ya 4 na ya 5 kutengeneza bidhaa, ya 6 gulio la kuuza mjini, ya 7 kila timu kunadi wazo lake mbele ya majaji, mshindi anapata zawadi, ya 8 Youthpass (cheti cha kijana kueleza alichojifunza) na kuagana.

Ninachotaka kujua: hilo gulio linaruhusiwa? Nifanye nini ili ubunifu usiishie kwenye mabango ya rangirangi ukutani? Na viza za wenzetu wa Moroko zianze kushughulikiwa lini?

---

fundi_ratiba

Mkuu, nianze na gulio kwa sababu hapo ndipo penye mtego. Mwongozo wa Erasmus+ unasema wazi kwamba shughuli zenye lengo la kupata faida ya fedha hazistahili ruzuku chini ya kipengele cha kubadilishana vijana. Zimewekwa kapu moja na utalii, matamasha, ziara za wasanii na safari za masomo ya chuo. Neno zito hapo ni "lengo". Zoezi la kupima bei linaweza kutetewa. "Gulio la mauzo" lililotangazwa kwa bango na kuingiza pesa kwenye sanduku ni kujitafutia maswali kwenye ripoti ya mwisho. Ongeza kwamba kijana wa Moroko anayeingia kwa viza ya muda mfupi hajapewa ruhusa ya kufanya biashara, na kupanga meza barabarani kwa kawaida kunadai kibali cha manispaa. Kama neno gulio limo kwenye maombi yenu, mwandikieni wakala wa taifa uliotoa ruzuku sasa hivi, jibu lije kwa maandishi.

Badala ya pesa, tumia kitu adimu. Una vijana 28 kutoka nchi 4, kwa hiyo unapata timu 7 za watu 4, kila nchi mmoja. Waalike wageni kama 40 wasiowajua vijana, mpe kila mgeni vikadi 5 tu vya kuweka kwenye meza za timu ambazo bidhaa zao amezipenda. Timu ni 7, vikadi 5, na hakuna kuweka zaidi ya viwili kwa timu moja. Lazima timu fulani iondoke mikono mitupu kwa kila mgeni, na hapo ndipo maneno matamu yanapokauka. Mtu akikwambia "wazo zuri sana, ningenunua" hajakupa chochote. Akikunyima kikadi amekupa taarifa. Mweke mtu mmoja kila meza aandike sababu ya kunyimwa, kwa maneno ya mgeni mwenyewe.

Sasa ratiba. Kosa lake kubwa ni kwamba vijana wanakutana na mteja wa kwanza siku ya 6, wakati bidhaa wameshaipenda na haigeuki tena. Wapeleke nje siku ya 2. Wawili wawili, kila jozi izungumze na watu 5, muda saa moja na nusu. Wapige marufuku swali linaloanza na "je, ungependa..." kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Waulize yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ulipokwama na jambo hili ulifanyaje, ulitumia muda gani, ulilipa nani? Jioni wanabandika majibu, si mawazo. Mawazo yaje siku ya 3.

Kanvasi isogeze hadi siku ya 5. Ukiwapa vyumba 9 siku ya 2 watavijaza vyote kwa kubuni, na kwa kuwa vimejaa wataona kazi imekwisha. Siku za mwanzo vitumike vyumba 3 tu: mteja, anachopata, na pesa inaingia na kutoka wapi. Ziara ya kampuni changa iende baada ya jaribio la kwanza la bidhaa. Wakienda kabla, watauliza "mlianzaje?" Wakienda baada, watauliza kuhusu mambo yaliyowashinda jana yake, na mwenye kampuni naye ataacha ile hotuba anayompa kila mgeni.

Kuhusu ubunifu: uhuru kamili ndio unaozaa mabango. Ukimwambia kijana "buni chochote" utapata mfuko wa kitambaa, bangili na programu ya simu, karibu kila mradi. Wabane. Kila timu ipewe sanduku lile lile: karatasi ngumu 10, kitambaa nusu mita, kamba mita 5, gundi, mkasi, mkanda wa kubandika. Kabla ya mtu kufungua mdomo, kila mmoja achore michoro 8 kwa dakika 8, kimya kabisa, mchoro mmoja kila dakika. Minne ya kwanza huwa ni ile ambayo kila mtu angeichora. Ya sita kwenda mbele ndipo mambo yanapoanza kuwa mageni. Ukimya huo unawasaidia hasa wale ambao Kiingereza chao kinasuasua, maana kwenye mjadala wa wazi wazo linalopita ni la mwenye ulimi mwepesi. Halafu mfano wa kwanza utengenezwe kwa dakika 90, usizidi. Ukiwapa siku mbili watapamba.

Na ule mfumo wa Umoja wa Ulaya wa stadi za ujasiriamali, EntreComp wa 2016, una stadi 15. Msizibebe zote. Chagueni 3, kwa mfano kuona fursa, kutumia rasilimali zilizopo na kuvumilia mashaka, na kila zoezi lijibu linagusa ipi kati ya hizo. Lisilogusa hata moja litoke, hata kama linachekesha.

---

mlinzi_wa_nyaraka

Naenda kwenye viza peke yake.

Maombi ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo) yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15 tangu ombi lipokelewe rasmi, lakini sheria inaruhusu kufika 45. Kinachowaangusha watu mara nyingi ni nafasi ya miadi, ambayo inaweza kukosekana kwa wiki kadhaa. Fanyeni miezi 3 kabla iwe ndiyo mwisho wenu wa kupeleka, si mwanzo wa kutafuta miadi.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ila wapo wanaosamehewa: wawakilishi wa taasisi zisizo za faida wenye umri wa miaka 25 au chini, wanaokwenda kwenye semina au shughuli ya elimu, utamaduni au michezo iliyoandaliwa na taasisi isiyo ya faida. Vijana wako wote wanaingia humo, mradi barua ya mwaliko iyaseme hayo bayana: hali ya kisheria ya taasisi zote mbili, kwamba kijana anaiwakilisha taasisi yake, aina ya shughuli, tarehe, na nani analipia malazi na chakula. Barua ikiandikwa "tunamwalika kutembelea Ureno" umeshaigeuza kuwa utalii. Tozo ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi ni jambo jingine, hiyo inaweza kudaiwa hata ada ikisamehewa. Gharama za viza zina nafasi yake kwenye ruzuku, chini ya gharama za kipekee, ikiwa mliziomba. Risiti zitunzwe zote.

Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Kosa la kijinga linalojirudia: bima imekatwa kwa siku 8 za shughuli, ndege inafika siku moja kabla na kuondoka siku moja baada. Siku 10 za kukaa, siku 8 za bima, ombi linakataliwa.

Mwisho, pelekeni majina 9 kwa nafasi 7, na wale 2 wa akiba waambiwe ukweli tangu mwanzo kwamba ni wa akiba.

Kwa wadau wa Afrika kusini mwa Sahara wanaosoma uzi huu: kipengele hiki cha kubadilishana vijana kinapokea nchi za programu na majirani zake, Moroko ikiwemo. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo msitozwe pesa na mtu anayewaahidi nafasi.

---

kikokotoo_mezani

@fundi_ratiba nakubaliana na mengi, ila ukiondoa pesa kabisa unawaondolea somo la bei, na hilo ndilo wanalokosa kuliko yote. Vikadi vinaonyesha kupendwa tu. Kupendwa na kulipa ni vitu viwili.

Siku ya 5 asubuhi wape saa mbili za hesabu kwenye karatasi. Mfano wa namba za kufikirika: timu inataka kuchapa michoro kwenye mifuko. Fremu na wino euro 30, hizo zinatoka hata ukichapa mfuko mmoja. Mfuko mtupu na karatasi ya kufungia euro 2.20. Wanapanga bei euro 5 kwa sababu "inaonekana sawa". Kila mfuko unabakiza 2.80, kwa hiyo 30 gawanya kwa 2.80 ni kama 10.7, yaani mfuko wa 11 ndio unaorudisha gharama. Wanashangilia. Hapo uliza: nani alichapa? Watu wawili, dakika 12 kila mfuko, hizo ni dakika 24 za kazi. Ukithamini saa moja kwa euro 10, kazi peke yake ni euro 4. Sasa kila mfuko unakula 6.20 na unauzwa 5. Wakiuza zaidi wanapoteza zaidi. Kwa bei ya 8 unabaki 1.80, na gharama zinarudi mfuko wa 17. Je, wageni wa siku ya 6 watakubali 8? Hapo vikadi vina kazi: pangeni bei mbili tofauti, nusu ya wageni waone hii, nusu waone ile, halafu mlinganishe.

Majaji na zawadi, ondoa. Timu 6 zinashindwa jioni moja kabla ya siku ya kutafakari, na kinachoandikwa kwenye Youthpass kesho yake ni manung'uniko. Timu ieleze kitu kimoja ilichobadilisha na ushahidi uliowafanya wabadilishe, dakika 4, basi.

Youthpass yenyewe isisubiri siku ya 8. Ni kijana kujitathmini, haitolewi alama, kwa hiyo isiyoandikwa taratibu inakuwa sentensi tupu za "nimejifunza ujasiriamali". Dakika 20 kila jioni, kwa makundi ya nchi, kwa lugha yao. Wafundishe kuandika hivi: "Nilipanga bei kwa kuhesabu vifaa na muda wa kazi, kisha nikaibadilisha baada ya wageni wengi kuikataa." Mwajiri anaelewa.

---

mwezeshaji_wa_zamu

Nimewapata wakuu, asanteni. Gulio nalifuta, bei mbili nazichukua. Kimoja kimenikwamisha: mahojiano ya siku ya 2 ni mtaani Ureno, na kila timu ina Mreno mmoja tu. Si atageuka mkalimani wiki nzima?

---

fundi_ratiba

Atageuka, na kibaya zaidi atafupisha majibu, mwishowe timu inasikia anachofikiri yeye. Jozi nazo zinakupa shida: timu 7 za wanne ni jozi 14, na Wareno wako 7, kwa hiyo nusu ya jozi hazina Mreno.

Fanya hivi. Jozi yenye Mreno ihoji mtaani, Mreno aulize na mwenzake aandike, na jibu lirudiwe neno kwa neno kabla ya kuendelea na swali la pili. Jozi isiyo na Mreno ipangiwe watu wanaojua Kiingereza au Kihispania: chuo cha jirani, hosteli ya wasafiri, ofisi ya pamoja ya wafanyakazi huru. Miadi hiyo ipangwe na mwenyeji wiki mbili kabla, watu 5 kwa jozi, maana mtaani hawawezi kuvua kwa bahati. Na siku ya wageni 40, Mreno wa kila timu asimame meza ya timu nyingine. Kwenye meza yake mwenyewe atatetea bidhaa badala ya kutafsiri.