TUPEANE UZOEFU: Kwa nini watu wa bondeni Kyela, mkoani Mbeya, hawahami kabla ya mafuriko?

Mleta mada: Kila masika lawama ni ileile: "waliambiwa, wakakaidi." Wanaolijua bonde, semeni mtu anazuiwa na nini hasa. Siasa wekeni pembeni.

Mkulima wa Ipinda: Mkuu, tazama kalenda. Aprili na Mei mito inafurika, na ndipo mpunga unakomaa. Gunia la debe sita ni kilo 70 hivi. Bodaboda inabeba moja, mbili ukimlazimisha, na kwenye tope hata hiyo moja inalala chini. Mwenye gunia kumi ahame kwa nauli ipi, na mpunga haujauzwa? Akiuacha ukalowa, unapata joto ndani ya gunia, siku ya pili au ya tatu umechipua. Afadhali kichanja kilichopita kiuno, ila nguzo ziwe za mti. Wengi wanapanga tofali mbichi. Likilowa linamomonyoka, mzigo wote unashuka majini.

Mtoto wa Tukuyu: Ndaga fijo (asante sana). Tena mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inatoka huku juu. Mvua inapiga Rungwe usiku, Kyela nyota zinawaka. Utamwambia nani ahame? Simu ya ndugu wa huku ndiyo kengele. Chomeka mti ukingoni, uchore alama kila shubiri. Maji yakipanda alama mbili kabla wali haujaiva, toka.

Nesi mstaafu: Mgonjwa wa kitandani anataka watu wanne, na vijana wengi wako Mbeya mjini. Machela ni miti miwili na magunia mawili matupu: toboa pembe za chini, pitisha miti. Jaribuni kabla ya masika. Maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, sembuse aliyebeba mzigo. Dawa za presha na kadi ya kliniki zikae kwenye nailoni moja.

Msomaji: Kumbe hata Marekani. Kimbunga Katrina, 2005: jiji la New Orleans iliamriwa kuhama tarehe 28 Agosti, kimbunga kikapiga 29. Wengi hawakuwa na gari, na ilikuwa mwisho wa mwezi, mifuko mitupu. Wengine waligoma kuacha mbwa wao. 2006 ikatungwa sheria mipango ya uokoaji ihesabu na wanyama.

Mkulima wa Ipinda: Mbwa tu? Huku ni ng'ombe, na mahari imo humo. Ng'ombe anaogelea, anayezama ni aliyefungwa. Kata kamba ya ndama kwanza umswage kuelekea mwinuko, mama yake atamfuata.